Gari Linapochemsha: Tuchague Rejeta Gani?



Mwezi huu naomba tutoke kidogo jikoni, twende pale gari linapoegeshwa. Najua wako watakaosema kwamba mambo ya gari ni ya baba na fundi. Mimi nami nilisema hivyo kwa miaka mingi. Lakini siku hizi akina mama wengi ndio wanaowapeleka watoto shule, ndio wanaobeba mizigo ya biashara, na mtoto akishikwa na homa usiku ndio wanaowasha gari. Tena magari yetu mengi yalikwisha kutumika Japani kabla ya kufika kwetu, nasi tumeyaongezea miaka mingine juu ya ile. Gari la namna hiyo likianza kuchemsha, fundi atakuambia, "Mama, kanunue rejeta." Ukifika dukani utakuta rejeta nyingi zinazofanana, na muuzaji anayekuhakikishia kwamba ile aliyoishika ndiyo yenyewe.

Hebu niwasimulie yaliyonipata, ili fedha zenu zisipotee kama zilivyopotea zangu.

Mlima Kitonga

Tulikuwa na Toyota Corolla ya mwaka 1998, ya gia otomatiki. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 tanki la juu la rejeta yake lilipata ufa. Baba watoto alikuwa mbali kikazi, nami nilitaka gari liwe tayari kabla ya safari yetu ya Krismasi kwenda Iringa kwa mama yangu. Nikafuatana na fundi hadi dukani. Palikuwa na rejeta mbili, moja mpya na nyingine iliyotumika. Bei ya ile iliyotumika haikufika hata nusu ya bei ya ile mpya. "Mama, Corolla ni Corolla," muuzaji aliniambia. "Hii inaingia bila shida." Nikafurahi kuokoa fedha. Nikalipa, nikaondoka bila hata kudai risiti.

Wakati wa kuifunga, fundi aligundua kwamba rejeta ile haina mahali pa kuunganishia mabomba mawili ya oili ya giaboksi. Ilikuwa imetoka kwenye gari la gia za kawaida, lenye klachi. Basi akayaunganisha mabomba yale mawili kwa kipande cha mpira, oili ikawa inatoka kwenye giaboksi na kurudi humo humo. "Haina shida, mama," akasema. Sikujua hata swali la kumwuliza.

Hapa Morogoro gari lilitembea vizuri kwa miezi miwili, maana safari zetu ni fupi. Tarehe 23 Desemba tukaondoka alfajiri, mimi kwenye usukani, mdogo wangu pembeni yangu, na watoto watatu nyuma. Tukapita Mikumi, tukapita Ruaha Mbuyuni, tukaanza kuupanda Mlima Kitonga. Anayeijua barabara ile anajua jinsi inavyopanda kwa kona baada ya kona, malori yakijivuta mbele yako na nyuma yako.

Katikati ya mlima mshale wa joto ulianza kupanda. Nikazima kiyoyozi, lakini haukushuka. Kisha injini ikawa inanguruma bila gari kusogea. Nikakanyaga mafuta, na gari, badala ya kwenda mbele, likarudi nyuma kidogo. Nyuma yangu palikuwa na lori. Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote, na mdogo wangu akaruka nje kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu. Watoto tukawashusha, tukawakalisha upande wa mlimani, mbali na magari. Mdogo wao alikuwa analia.

Nilikwisha kufungua boneti na kukishika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, nikitaka kuongeza maji, mara dereva wa lile lori akanipigia kelele: "Usifungue, dada! Utaungua uso!" Jina lake silijui, lakini namshukuru hadi leo.

Gari lilivutwa hadi Iringa. Giaboksi ilikuwa imeungua. Fedha za kuitengeneza zilikuwa zile tulizoziweka kwa ajili ya ada ya Januari, na mwanangu mkubwa alirudi shuleni wiki tatu baada ya wenzake. Nilipofanya hesabu niliona kwamba ile bei nafuu ya rejeta ilikuwa imenigharimu mara nyingi ya bei ya mpya.

Fundi mmoja wa Iringa, mzee wa umri wa baba yangu, ndiye aliyenifungua macho. Nilikaa kwenye benchi la gereji yake nikamwuliza maswali yote ambayo sikuyauliza dukani. Haya ninayowaandikia mengi nilianza kuyasikia kwake.

Rejeta inafanya nini?

Mtoto akishindwa kunywa chai kwa sababu ni ya moto, tunaimimina kwenye kisahani. Ikitandaa inakutana na hewa nyingi, inapoa upesi. Rejeta inafanya kazi hiyo hiyo. Maji ya moto kutoka kwenye injini yanaingia ndani yake na kugawanyika katika mirija mingi iliyo bapa. Katikati ya mirija kuna vibati vyembamba sana vinavyopokea joto. Hewa inayoingia mbele ya gari, au inayovutwa na feni, inapita kwenye vibati hivyo na kuondoka na joto. Maji yaliyopoa yanarudi kwenye injini, na mzunguko unaendelea.

Kwenye magari mengi ya gia otomatiki rejeta ina kazi ya pili. Ndani ya tanki lake moja kuna kijibomba kinachopoza oili ya giaboksi. Hicho ndicho kilichokosekana kwenye rejeta yangu.

Kwanza hakikisha tatizo ni rejeta

Dada mpendwa, kabla hujafungua pochi, jiulize gari lako linachemsha wakati gani. Jibu lake litamsaidia sana fundi.

Kama linachemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia barabara kuu, tazama feni kwanza. Huenda haizunguki, au mkanda wake umelegea, au waya umekatika.

Kama liko salama mjini lakini linachemsha mlimani au likikimbia na mzigo, yawezekana rejeta imeziba au ni ndogo kuliko inavyotakiwa. Yawezekana pia themostati haifunguki vizuri. Themostati ni kidude kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ni cha bei ndogo, basi kibadilishwe kwanza. Usikubali kiondolewe moja kwa moja, kama mafundi wengine wanavyopenda kufanya. Injini itachelewa kupata joto na itakula mafuta zaidi, na katika baadhi ya injini sehemu ya maji itazunguka bila kupitia rejeta kabisa.

Kama maji yanapungua kila siku na huoni yanapovujia, na bomba la moshi linatoa moshi mweupe hata injini ikiwa imekwisha pata moto, au oili ya injini imekuwa kama chai ya maziwa, basi mwambie fundi akague gasketi ya silinda hedi. Hapo rejeta mpya haitakusaidia kitu.

Mwisho tazama mipira ya maji, ule wa juu na ule wa chini, na pampu ya maji. Mpira uliovimba au uliopasuka ni wa kubadilisha leo hii, usingoje safari.

Mambo matano ya kuangalia dukani

Ukishajua kwamba rejeta ndiyo mbovu, nenda na ile ya zamani mkononi. Usiiache gereji, hata kama inavuja. Piga pia picha ya kile kibati kilicho chini ya boneti chenye namba za gari na aina ya injini. Jina la gari peke yake halitoshi. Ziko Corolla za petroli na ziko za dizeli, za gia otomatiki na za klachi, na rejeta zake si lazima zilingane.

1. Aina ya gia. Kama gari lako ni otomatiki na rejeta ya zamani ina midomo miwili ya mabomba ya oili, mpya nayo lazima iwe nayo, na iwe mahali pale pale. Muuzaji akikuambia fundi "atayaunganisha tu", mrudishie rejeta yake. Ikiwa gari lako ni la klachi na umepewa yenye midomo hiyo, haina madhara, mradi vipimo vingine vilingane.

2. Vipimo. Ziweke mbili hizo kando kwa kando, upime kwa futi ya cherehani kama unavyopima kitambaa. Pima upana, urefu wa kwenda juu, na unene wa ile sehemu yenye mirija. Unene ndio tunaousahau. Rejeta nyingi za alumini za magari ya Japani huuzwa kwa unene wa milimita 16 au milimita 26, na kwa mbele zinafanana kabisa. Ukichukua nyembamba mahali pa nene, mjini hutaona tofauti; mlimani utaiona. Tazama pia midomo ya mipira iwe na ukubwa ule ule na upande ule ule, na matundu ya kufungia feni yaonane.

3. Imetengenezwa kwa nini. Rejeta za Land Rover za zamani na za malori mengi ya zamani ni za shaba. Ni nzito, lakini zina sifa moja kubwa: fundi anaweza kuziba tundu kwa kulehemu, na mirija ikichoka anaweza kubadilisha sehemu ya katikati na kubakiza matanki yale yale. Ukiwa na rejeta ya namna hiyo usiitupe wala usiiuze chuma chakavu kabla ya kumwuliza fundi wa rejeta. Magari ya miaka ya karibuni yana rejeta za alumini zenye matanki ya plastiki. Shaba hupitisha joto kuliko alumini, lakini alumini ni nyepesi, na mirija yake hutengenezwa mipana zaidi, hivyo rejeta nzuri ya alumini inapoza vizuri kabisa. Udhaifu wake uko kwenye plastiki. Baada ya miaka mingi ya moto na baridi inakuwa ngumu na kupasuka, na gundi haidumu juu yake.

4. Mpya au iliyotumika. Kwa rejeta yenye matanki ya plastiki, ushauri wangu ni kujikusanya ununue mpya. Iliyotumika imezeeka kama ile unayoitoa. Kama uwezo hauruhusu, ikague kama unavyokagua samaki sokoni. Plastiki nyeusi iliyogeuka kahawia imeungua sana. Vibati vinavyobomoka ukivigusa kwa kidole vimekwisha. Angalia kama kuna alama za gundi. Mulika tochi mdomoni uone mirija. Ukikuta ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, maji hayatapita vizuri. Mimina maji juu yatoke chini. Yakitoka kwa kusuasua, imeziba. Kisha mwombe muuzaji aizibe midomo, aizamishe kwenye pipa la maji na kuitia upepo kidogo. Mapovu yatakuonyesha inapovuja. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

5. Kifuniko. Wengi hukidharau kwa kuwa ni kidogo. Kifuniko cha rejeta kinafanya kazi kama kile cha sufuria ya presha. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Iringa, mji ulio juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi kama 95 tu. Kifuniko kizima chenye namba 0.9 hubana maji kiasi kwamba huko pwani hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Kifuniko kilicholegea kinaweza kulichemsha gari lenye rejeta nzima. Nunua kipya chenye namba ile ile iliyopendekezwa kwa gari lako. Usidhani namba kubwa zaidi ni bora zaidi, maana yaweza kupasua mipira na matanki yaliyochoka.

Dai risiti iliyoandikwa aina ya gari, na mkubaliane mbele ya fundi kwamba isipoingia itarudishwa. Yule asiyetaka kuandika ana sababu yake.

Siku ya kuifunga

Kaa gereji siku hiyo. Huna haja ya kumfundisha fundi kazi, lakini uwepo wako una faida. Mwombe asafishe njia za maji za injini kabla ya kufunga rejeta mpya, kwa sababu kutu iliyobaki ndani itakwenda moja kwa moja kuziba mirija yake. Na kama oili ya giaboksi imechanganyika na maji, ikawa na rangi ya waridi kama maziwa yenye stroberi, usiondoke na gari hilo mpaka giaboksi isafishwe.

Usijaze maji ya bomba au ya kisima. Maji yenye chumvi chumvi ndiyo yanayoacha ukoko mwembamba kila siku, na kutu hula chuma. Tumia kulanti inayofaa gari lako. Ikiwa ni ile ya kuchanganya, changanya na maji yaliyotoneshwa, yale ya betri yasiyo na asidi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Usichanganye aina mbili za kulanti bila kuosha kwanza. Halafu fundi aache injini iunguruma na kifuniko kikiwa wazi, kuanzia injini ikiwa ya baridi, mpaka mapovu yaishe, maana hewa iliyonaswa ndani inaweza kulichemsha gari hata kama kila kitu ni kipya.

Neno moja kwa wenye watoto wadogo. Kulanti nyingi ni sumu, na ladha yake ni tamu tamu. Funga chupa yake kabatini, mwagia maji pale ilipodondoka, na kamwe usiihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Likichemsha njiani

Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi na uwashe hita kwa nguvu, hata kama mtaona joto. Itavuta sehemu ya moto wa injini. Tafuta mahali salama, simama, zima injini, weka mawe nyuma ya magurudumu na watoto wakae mbali na barabara. Ngoja nusu saa au zaidi. Usikiguse kifuniko mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono bila kuungua, na hapo nao uwe umelegea. Usimwage maji ya baridi juu ya injini yenye moto, maana silinda hedi inaweza kupasuka. Ikikubidi kuongeza maji njiani, yoyote masafi yanafaa kukufikisha gereji. Ongeza kidogo kidogo. Usijidanganye kwamba utafika "hapo tu mbele". Dakika chache za kuendesha injini iliyochemka zinatosha kuipinda silinda hedi ya alumini, na gharama yake huizidi sana ya rejeta.

Tulivyorudi Kitonga

Baada ya kutengeneza giaboksi tulinunua rejeta mpya. Nilikwenda na ya zamani kabisa, ile yenye ufa, ambayo kwa bahati fundi alikuwa bado ameihifadhi. Nilipima kwa futi yangu ya cherehani huku muuzaji akicheka. Ya kwanza aliyonipa ilikuwa nyembamba. Ya pili ilikosa midomo ya oili. Ya tatu ikalingana, naye akaacha kucheka, akaniandikia risiti.

Desemba 2017 tuliupanda tena Mlima Kitonga. Nilimpa mwanangu wa pili kazi ya kuutazama mshale wa joto na kunitangazia. Akawa anasema kila baada ya kona, "Mama, uko pale pale." Tulipofika juu tulisimama Ilula, tukanunua nyanya za kumpelekea bibi yao, tukaendelea na safari.

Basi, dada zangu, wiki hii fungueni boneti asubuhi, injini ikiwa baridi. Tazameni kiwango cha maji, ikagueni mipira, na someni namba iliyo juu ya kifuniko. Ni kazi ya dakika tano. Kama mna safari ndefu mwaka huu, ifanyeni mapema, wakati fedha za ada bado ziko mahali pake.

Tuonane mwezi ujao.